Nyuki Nyuma Yangu

Muuzaji aliniambia gari hili halivuti.
Alisema kama mtu anayesema mtoto huyu haimbi,
akafunga faili, akanipa kalamu ya bure.
Mwaka wa pili karatasi zikabadilika:
linavuta, ila ndoano ujilipie mwenyewe.

Basi Synne, binti wa dada yangu,
mwanafunzi wa umeme wa magari,
amekuja Jumamosi na sanduku zito kuliko yeye,
akaliinua gari kwa jeki katika banda letu la Bryne,
banda ambalo hadi leo lanuka dizeli ya marehemu baba.

Bampa likatoka zima, kama meno ya bandia.
Nilitarajia kukuta siri kubwa.
Palikuwa na vumbi, jani moja kavu la mwaka juzi,
na matundu manne yaliyotobolewa kiwandani,
yakingoja.
Kumbe gari lilijua tangu siku ile
kwamba litakuja kufungiwa mzigo.
Muuzaji ndiye hakujua.

"Usikaze kwa hasira, shangazi.
Kaza mpaka spana iseme."
Spana ikasema: tak.
Mara nne, tak, na mara ya nne
niliitikia.

Kisha nyaya. Soketi ya matundu kumi na matatu,
kila waya na rangi yake na ajira yake:
wa kushoto, wa kulia, wa breki, wa taa ya ukungu.
Gari likakataa. Likaandika kwenye kioo: hakuna tela.
Nikalionyesha kwa kidole, na hili je, ni ng'ombe?
Synne alicheka mpaka akaketi sakafuni.
Akachomeka kompyuta, akalifundisha gari neno jipya.
Taa za tela zikawaka nyekundu
na tukapiga makofi, wajinga wawili bandani.

Baba aliivuta mizinga hii kwa gari la dizeli,
kila Agosti, usiku, kupanda Sirdal,
kwenye vilima ambako lyng
hufungua maua yake ya zambarau, madogo kama punje za mtama.
Injini ilitetema, tela likatetema,
na tulipofika juu nyuki walitoka na kesi mkononi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilihesabu miiba: kumi na saba.
Baba alihesabu mizinga.

Usiku huu barabara haina injini.
Mizinga kumi na minne, milango imezibwa kwa sifongo.
Husemwa, fuata nyuki ule asali.
Leo wao ndio wanaonifuata,
kona kwa kona, handaki kwa handaki,
na hakuna anayelalamika ila betri.
Mlima unaila, tela linaila, upepo wa mbele unaonja.
Kilomita nilizoahidiwa zimekatika katikati
kama mkate wa wageni wasiotarajiwa.

Tonstad, saa saba usiku. Kituo cha kuchaji
kimechorwa na mtu asiyewahi kumiliki tela:
ingia kwa pua, toka kinyumenyume, nyuma ukuta.
Nikafungua ndoano peke yangu,
nikawaacha nyuki kando ya uzio,
nikalipeleka gari kunywa.

Dereva wa lori la maziwa akaja na kikombe chake cha kahawa.
"Umebeba nini?"
"Abiria. Laki tano na ushee."
Akasikiliza kidogo, akarudi hatua tatu,
kahawa ikabaki imemwagika alipokuwa amesimama.

Nikaketi kwenye mkono wa tela.
Huku chaja inavuma. Huku mizinga inavuma.
Nikaweka sikio ubaoni, nikalitoa, nikaliweka tena.
Sikuweza kuapa ni upi umeme, upi uhai.

Asilimia sitini. Inatosha kufika kwenye maua;
ya kurudi tutayazungumza huko huko.
Nikalirudisha gari polepole, shingo imegeuka,
nikalishusha tela juu ya mpira wa chuma.
Tak.
Gari likainama kidogo nyuma,
kama mtu anayepokea mtoto mgongoni
na kabla ya kusimama
anamweka sawa.